Phule, Narayana Guru, Periyar, Ambedkar: ukitaka kuwasoma waliopinga tabaka India, uanze na nani?

Mtaani kwetu Tanga neno "dobi" halina makali yoyote. Dobi ni mtu wa kufua na kupiga pasi. Kesho akipata mtaji atafungua kibanda cha simu, na mwanawe akienda kuposa hakuna atakayemuuliza baba yake alifua nguo za nani. Neno lenyewe tumelitoa India, na huko dhobi si kazi tu. Ni ukoo, ni watu unaoruhusiwa kuoana nao, ni upande wa kijiji unaokaa, na kwa karne nyingi lilikuwa pia jibu la swali la nani anaweza kugusa chombo cha maji cha nani. Niliyasema haya kwenye kikundi chetu cha kusoma, mwenzetu mmoja akadakia, "Basi tuwasome waliopigana nalo." Shida ikawa kwamba tulikuwa na Jumamosi nne tu, na waliopigana nalo ni wengi kweli.

Ilibidi kuchagua. Huu hapa ni ulinganisho nilioupeleka kikundini, nimeunyoosha kidogo kwa ajili ya mwingine atakayejikuta na muda mchache kama sisi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Mswahili akisikia "tabaka" hufikiria walalahoi na walalaheri, mambo ya mfuko. Wao wana neno jati, nalo halihusiani na mfuko. Unazaliwa nalo, unaoa humo humo, unakufa nalo. Mtu anaweza kuwa na shahada mbili na jirani bado akamwaga maji aliyoyagusa kwa kuwa yameingia najisi. Chini kabisa ya ngazi, au tuseme nje yake, waliwekwa watu walioitwa wasioguswa. Wengi wao leo hujiita Dalit, yaani waliovunjwavunjwa. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 200 katika jamii ambazo sheria inazitambua kuwa za kundi hilo, karibu mtu 1 katika kila 6. Kwa hiyo hatuzungumzii mambo ya makumbusho.

Wanne hawa

Jotirao Phule alizaliwa 1827, mtu wa Pune, wa jamii ya Mali ambao ni watunza bustani. Hakuwa miongoni mwa wasioguswa; watu wake walihesabiwa Shudra, daraja la mwisho ndani ya ngazi. Mwaka 1848, akiwa na miaka 21, alifungua shule ya wasichana pamoja na mkewe Savitribai. Mwaka 1873 akaanzisha Satyashodhak Samaj, Chama cha Watafuta Ukweli. Mwaka huohuo alitoa kitabu alichokiita Utumwa, akakitunuku kwa Wamarekani waliopigania kukomesha utumwa wa watu weusi. Nilipoiona tarehe hiyo nilisita kidogo: 1873 ndio mwaka Sultani Barghash alipotia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja.

Narayana Guru alizaliwa miaka ya 1850 karibu na Thiruvananthapuram, kusini kabisa, eneo tunaloliita leo Kerala. Alikuwa Ezhava, na kazi ambayo Ezhava walijulikana nayo ni kugema. Ndiyo, wagema wa mnazi, kamba kiunoni na kibuyu mkononi, sawa na wetu wa pwani. Tofauti ni kwamba mgema wa huko alipaswa kukaa mbali na Mbrahmini, mtu wa jati ya juu kabisa, ya makuhani, kwa umbali uliopimwa, kwa sababu hata kumkaribia tu kulimtia najisi. Chama kilichoendeleza kazi ya Guru, SNDP, kilianzishwa 1903.

E. V. Ramasamy, ambaye wafuasi wake humwita Periyar, yaani Mkubwa, alizaliwa 1879 huko Erode katika nchi ya Watamil, nyumba ya wafanyabiashara wenye nafasi. Alijiunga na Congress, chama kilichopigania uhuru, akatoka 1925, akaanzisha Vuguvugu la Kujiheshimu. Aliishi hadi 1973, na hadi mwisho hakupunguza ukali.

B. R. Ambedkar, 1891 hadi 1956, alizaliwa ndani ya wasioguswa. Alikuwa Mahar. Shuleni alikalia gunia alilotoka nalo nyumbani, asije akatia najisi mkeka wa wenzake. Baadaye alisomea shahada za juu Columbia, New York, na chuo cha uchumi cha London, na 1947 akawa mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India.

Na Gandhi? Nitamfikia. Simweki kwenye orodha, na nina sababu zangu.

Angalia maji na barabara

Njia rahisi ya kuwaweka watu hawa ubavu kwa ubavu ni kuuliza kila mmoja alifanya nini na maji, au na barabara. Falsafa zao zinaweza kukuchanganya, lakini kisima hakikuchanganyi.

Phule alianzia kwake. Mwaka 1868 aliwafungulia wasioguswa tangi la maji la nyumba yake mwenyewe. Hakuandamana wala hakwenda mahakamani. Aliwaambia njooni mchote. Ni tendo la mtu aliyeona kwamba kabla hujamdai jirani, fungua mlango wako.

Ambedkar alijua upande wa pili wa jambo hilo kwa koo lake. Utotoni hakuruhusiwa kugusa bomba la shule, na alikunywa pale tu tarishi wa shule alipomfungulia. Tarishi asipokuwepo, hakuna maji. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuongoza watu wa Mahad.

Hapo nikae kidogo, maana ndipo penye nyama. Mahad ni mji mdogo kusini mwa Bombay, na una bwawa la umma liitwalo Chavdar. Mwaka 1923 Baraza la Bombay lilipitisha azimio kwamba sehemu za maji za umma ziwe wazi kwa wote. Manispaa ya Mahad nayo ikakubali mwaka uliofuata. Kwenye karatasi mambo yakawa yamekwisha, ila hakuna Dalit aliyethubutu kuinama na kuteka. Waislamu waliteka, Wakristo waliteka, ng'ombe walikunywa. Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar alitoka mkutanoni na maelfu ya watu, wakatembea hadi bwawani, akashuka ngazi, akachota maji kwa mkono na kunywa. Wengine wakafuata. Basi.

Saa chache baadaye ulienea uvumi kwamba sasa wanataka kuingia hekaluni, na watu wakavamiwa kwa marungu wakiwa wanakula au wakiwa njiani kurudi makwao. Kisha wenyeji wa jati za juu wakalisafisha bwawa kwa mitungi 108 ya mchanganyiko wa mavi ya ng'ombe, mkojo wake, maziwa na mtindi. Ukisoma hilo ndipo unaelewa kwamba mgogoro haukuwa wa kiu. Ambedkar mwenyewe aliliweka wazi waliporudi Desemba: hawakuja kwa sababu hawajawahi kunywa maji na watakufa wasipoyapata, walikuja kuthibitisha kwamba ni watu. Katika mkutano huo wa pili, tarehe 25 Desemba, walikichoma moto Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za jati. Kesi ya bwawa ilikokota miaka kumi, na 1937 Mahakama Kuu ya Bombay ikawapa haki.

Kusini vita vilikuwa vya barabara. Mwaka 1893 Ayyankali, wa jamii ya Pulaya waliokuwa chini hata ya Ezhava, alipanda mkokoteni wa ng'ombe akiwa amevaa nguo safi na kupita barabara ya umma iliyokatazwa kwa watu wake. Alishambuliwa, naye alikuwa amejiandaa. Baadaye, watoto wa Kipulaya walipokataliwa shule, aliwaambia vibarua wa mashamba ya mpunga waweke majembe chini. Mgomo wa vibarua kwa ajili ya daftari! Mimi huyu mtu namwona hajatendewa haki na wanaoandika historia.

Halafu ikaja Vaikom, mji wa huko huko kusini, 1924. Njia zinazozunguka hekalu la mungu Shiva zilifungwa kwa jati za chini. Siku ya kwanza, tarehe 30 Machi, walitumwa vijana watatu: Mpulaya, Ezhava na Mnair, huyu wa mwisho akiwa wa jati inayoruhusiwa kupita. Polisi wakawauliza kila mmoja jati yake. Mnair akaambiwa pita. Akasema hapiti bila wenzake. Wote watatu wakakamatwa, na kesho yake wakaja watatu wengine. Mafuriko ya mwaka huo yalipokuja, waliojitolea walisimama kwenye maji na polisi wakilinda zamu ndani ya mitumbwi. Periyar alifungwa humo mara mbili. Narayana Guru alitoa fedha na ashram yake, yaani makao yake ya kiroho, itumike. Baada ya siku zaidi ya 600 yakapatikana maridhiano ya nusunusu: njia za pande tatu zikafunguliwa, ya mashariki ikabaki imefungwa. Mahekalu ya Travancore, ufalme uliotawala huko, yalifunguliwa kwa Wahindu wote kwa tangazo la mfalme, Novemba 1936.

Mungu afanywe nini?

Hapa ndipo wanapoachana kabisa, na kama kikundi chako kina watu wa dini kali, zingatia sehemu hii kabla hujachagua.

Phule alimbakisha Muumba na kumfukuza kuhani. Harusi za chama chake zilifungwa bila Mbrahmini. Narayana Guru alikwenda mbali zaidi kwa upole wa kutisha: 1888 alizamia mto Neyyar huko Aruvippuram, akaibuka na jiwe, akalisimika kuwa Shiva. Kazi hiyo ilikuwa ya Mbrahmini peke yake. Walipokuja kumsaili, inasimuliwa kwamba alijibu kuwa amemsimika Shiva wa Ezhava, si wao. Kuna hekalu jingine alisimika kioo mahali pa sanamu. Na wagema wenzake aliwaambia waache pombe, wasiigeme wala kuinywa. Sijui mgema gani wa Pangani angempokea vizuri.

Periyar alisema hakuna Mungu, akalisema barabarani, kwenye magazeti na kwenye nguzo za sanamu zake. Kwake kuhani, hekalu na maandiko vilikuwa kamba moja yenye nyuzi tatu. Ambedkar alichukua miaka zaidi ya 20 kufikiri. Mwaka 1935 huko Yeola alitangaza kwamba alizaliwa Mhindu lakini hatakufa Mhindu. Aliupima Uislamu, Ukristo na Usingasinga, na tarehe 14 Oktoba 1956 huko Nagpur akaingia Ubudha, na mamia ya maelfu ya watu wakaingia pamoja naye. Hazikupita wiki nane akafariki.

Nyumbani

Savitribai Phule alikuwa akitoka na sari ya ziada, kwa sababu njiani kwenda kufundisha alirushiwa matope na mavi; akifika shuleni alibadilisha, akafundisha. Mwaka 1863 yeye na mumewe walifungua nyumba ya kuwahifadhi wajane waliopata mimba, wengi wao Wabrahmini, watu haohao ambao jamii yao ilikuwa ikiwarushia matope. Mtoto wa mmoja wao wakamlea kuwa wao. Savitribai alikufa 1897 kwa tauni aliyoambukizwa akihudumia wagonjwa.

Periyar ndiye aliyeigusa ndoa kwa nguvu kuliko wote. Ndoa ya kujiheshimu haina kuhani wala Kisanskriti: maharusi wanavishana mashada, watu wanatoa hotuba (ndefu, kwa maelezo ya waliohudhuria), imekwisha. Kisheria zilihesabika si ndoa hadi 1967, serikali ya jimbo ilipotunga sheria ya kuzitambua, pamoja na zile za nyuma. Kwenye mkutano wa Chengalpattu wa 1929 wafuasi waliamua kuyatupa majina ya jati. Ndiyo maana ukikutana na Mtamil leo mara nyingi ataweka herufi ya jina la baba, na usipate jina la ukoo la kumnusia.

Ambedkar alijaribu kuyafanya hayo kwa sheria ya nchi nzima: talaka, urithi wa mwanamke, ndoa kati ya jati. Mswada ulipokwama alijiuzulu uwaziri, 1951.

Kuhusu Gandhi, na viti maalumu

Mwenzetu mmoja alisema, "Tuanze na Gandhi, si tunamjua?" Kweli tunamjua, hata sanamu yake imo Chuo Kikuu cha Nairobi. Ndiyo sababu hasa ya kutoanza naye: utawasoma wengine wote kwa miwani yake.

Ugomvi wao mkubwa mtu wa Tanzania anauelewa haraka kwa sababu tuna viti maalumu. Agosti 1932 Waingereza waliamua kwamba wasioguswa wapate viti vyao, na wapigie kura viti hivyo wao peke yao. Ambedkar ndicho alichokuwa akikitaka: mbunge asiyetegemea kura za jati za juu. Gandhi, akiwa gerezani Yerwada, alianza mfungo wa hadi kufa tarehe 20 Septemba, akisema mpango huo utaipasua jamii ya Wahindu. Siku nne baadaye Ambedkar alitia saini maridhiano. Viti vikaongezwa kutoka 71 hadi 148 katika mabaraza ya majimbo, lakini watu wa jati zote wakawa wapiga kura wa viti hivyo. Swali lilelile tunalojiuliza sisi: aliyekaa kwenye kiti maalumu anamwogopa nani, aliowawakilisha au waliompa?

Gandhi baadaye alizunguka India kwa miezi mingi akihubiri mahekalu na visima vifunguliwe, na vingi vilifunguliwa. Hilo si dogo. Lakini aliwaomba wenye nguvu watubu, na jina alilowapa wasioguswa, Harijan, watu wa Mungu, wengi wao wamelikataa.

Kasoro za kila mmoja

Urithi wa Phule ulichukuliwa baadaye na wakulima wenye ardhi, na Wadalit wakajikuta tena mwisho wa foleni. SNDP ilifaulu kuwainua Ezhava kwa shule, biashara na ajira, lakini chama kilichoanza na "jati moja, dini moja, Mungu mmoja kwa mwanadamu" kilibaki mikononi mwa jati moja. Nchi ya Periyar ilipata serikali za wafuasi wa mawazo yake, na chini ya serikali hiyohiyo, Krismasi ya 1968, Wadalit 44 walichomwa moto ndani ya kibanda huko Keezhvenmani, wengi wanawake na watoto, kwa sababu vibarua walidai nyongeza ya ujira. Waliokuwa wakigombana nao walikuwa wenye mashamba, na kumtukana Mbrahmini hakukuwafaa kitu. Ambedkar alipata Ibara ya 17 inayofuta unajisi wa watu, akapata nafasi zilizotengwa vyuoni na serikalini, na bado India ilihitaji sheria nyingine ya 1989 ya kuzuia ukatili dhidi ya watu haohao. Watu wanaoshuka kwenye mashimo ya maji taka hadi leo, na wanaofia humo, unajua wametoka jati gani.

Basi uchague

Kama wewe ni mwalimu, au kikundi chako ni cha akina mama, anza na Phule wawili, na Savitribai awe mbele. Kisa chao kinasimulika, na swali la nani anastahili daftari halihitaji tafsiri.

Kama mnaendesha saccos, chama cha wakulima au cha watu wa mji mmoja, somo lenu liko Kerala. Hapo mtaona jinsi chama kinavyojengwa pole pole: hekalu, kisha shule, kisha maonyesho ya viwanda, kisha madai kwa serikali. Ila msimsome Guru bila Ayyankali, mtadhani kila kitu kilikwenda kwa upole.

Periyar ni wa kikundi kilichozoeana. Akipelekwa kwa watu wasiojuana, jioni itaishia kwenye ubishi wa Mungu yupo au hayupo, na suala la jati litasahauliwa kwenye sahani ya kashata. Nasema kwa uzoefu.

Na kama una nafasi ya mmoja tu, mchukue Ambedkar, na ndani ya Ambedkar uchukue Mahad. Mwanzoni nilipendelea Kerala, kwa ajili ya wagema na minazi. Kilichonigeuza ni ile karatasi ya manispaa. Wengine wote wanaonyesha namna ya kupambana na katazo. Mahad inaonyesha kinachotokea baada ya ruhusa kutolewa, pale haki ipo kwenye kabrasha na hakuna anayethubutu kuinama achote.

Maandishi yake yamekusanywa kwa Kiingereza na serikali ya Maharashtra na yanapatikana bure mtandaoni. Usianze na juzuu la kwanza, ni zito. Tafuta hotuba ya Desemba 1927 ya Mahad. Ni fupi, inamalizika kabla chupa ya chai haijapoa. Wiki ya pili soma ile hotuba ya 1936 aliyoalikwa kuitoa Lahore, kisha wenyeji wakaufuta mwaliko walipoona alichoandika. Ya tatu soma majibizano yake na Gandhi juu ya hotuba hiyo, na hapo Gandhi ataingia kwa mlango unaostahili. Jumamosi ya nne sisi tulimrudia Ayyankali, kwa kura tano dhidi ya tatu.